Bei Siyo Thamani: Somo juu ya Magari ya Mbio ya Waingereza na Pikipiki ya Baba Mdogo



Majuma machache yaliyopita, mwenzetu mmoja wa darasa la nne alileta kalenda ya zamani yenye picha ya gari nyekundu, pua ndefu, taa zimefunikwa na kioo. Ilikuwa Jaguar E-Type ya Waingereza. Saa ya mapumziko, chini ya mwembe, ubishi ukawaka. Mmoja akasema: "Ile njo gari ya kweli, zingine ni debe tu." Mwingine akajibu kwamba baba yake mkubwa aliona MG kule Kampala, na MG inapita Jaguar. Wakaniita niamue, kwa sababu mimi ni mkubwa wa wanafunzi. Nikawauliza: "Inapita kwa nini? Kwa mbio, kwa bei, ao kwa faida ya mwenye kuwa nayo?" Wote wakanyamaza. Kusema kweli, na mimi sikuwa na jibu.

Juma lile lile, baba mdogo aliniita kwake hapa Bigo. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili na anatafuta kununua pikipiki ya kubeba watu. Walikuwa wamemwonyesha mbili. Akaniambia: "Wewe uko darasa la sita, hesabu unajua. Nichagulie." Usiku nikiwa na daftari yangu, niliona kwamba ulizo la chini ya mwembe na ulizo la baba mdogo ni ulizo moja. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

1. MAGARI MATATU YA WAINGEREZA

Tuanze na zile za kwenye kalenda. Nitalinganisha tatu.

Ya kwanza ni Jaguar E-Type. Ilionyeshwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1961. Waliitangaza kwamba inafika karibu kilometa 240 kwa saa, na bei yake Uingereza ilikuwa zaidi kidogo ya pauni 2 000. Zilitengenezwa zaidi ya 72 000 mpaka kiwanda kilipoiacha katikati ya miaka ya 1970.

Ya pili ni MGB. Ilitengenezwa katika mji wa Abingdon tangu 1962 mpaka 1980. Ilikuwa gari ya mtu wa kawaida: injini ndogo ya silinda nne, bei chini sana kuliko Jaguar. Ukihesabu pamoja na zile zenye paa la chuma, zilipita 500 000, na nyingi zilipelekwa Marekani.

Ya tatu ni Aston Martin DB5, ya 1963 mpaka 1965. Hii ilijulikana ulimwenguni kwa sinema ya James Bond ya mwaka 1964, Goldfinger. Lakini hazikufika hata 1 100.

Sasa tazama leo. MGB iliyotunzwa vizuri, mtu anaweza kuipata kwa dola elfu kumi na kitu, ao elfu ishirini. E-Type nzuri ya miaka ya kwanza inapita dola 100 000. DB5 inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Zote tatu ni za wakati mmoja, zote ni za Waingereza, zote zina magurudumu manne. Kwa nini bei zinaachana hivi?

2. MAMBO YANAYOFANYA BEI

Jambo la kwanza ni uhaba. Zilizo elfu moja zinagombaniwa na watu wengi. Zilizo laki tano kila mtu anapata yake. Ni kama samaki sokoni: siku mitumbwi imerudi tupu toka ziwa Albert, mama anakata bei juu, siku imerudi imejaa, anakuita mwenyewe.

Jambo la pili ni tamaa ya watu. Kitu kinaweza kuwa haba na bado hakuna anayekitaka. DB5 ni haba, tena inatakiwa sababu ya sinema na jina.

Jambo la tatu ni hali ya kitu chenyewe. Gari hizi za zamani zinaliwa na kutu. Rangi inang'aa juu, chini chuma kimekuwa kama mkate uliolowa maji. Mnunuzi mwenye akili analala chini na kutazama tumbo la gari kabla ya kutazama uso.

Jambo la nne ni vipande vya kubadilisha, vile tunaita piyese. Hapa MGB inashinda wakubwa wake. Kwa sababu zilikuwa nyingi, piyese zake zinapatikana mpaka leo na kwa bei ya kadiri. Tangu 1988 watu walianza tena kutengeneza hata bodi nzima mpya ya MGB. Mwenye MGB analala usingizi. Mwenye DB5 ana mali kubwa zaidi, lakini kila kinachovunjika kinamla kwa kadiri ya ukubwa wa mali ile.

Basi, jibu langu la kwanza kwa ndugu wa chini ya mwembe ni hili: Jaguar inapita MG kwa bei na kwa mbio. MG inapita Jaguar kwa urahisi wa kuishi nayo. Wote wawili mlisema kweli, lakini kila mmoja alikuwa na kipimo chake mfukoni na hakukionyesha.

Tena bei haipandi siku zote kama ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, E-Type iliyochoka iliuzwa kwa pauni mia chache tu, maana ilionekana gari kuukuu inayokunywa mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei ikaruka sana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanguka, na waliokopa pesa ili wanunue wakalia. Anayenunua kitu kwa kutumaini kwamba kesho kitapanda bei, anacheza kamari, hata kama amevaa tai.

3. MWENYE JINA NA MWENYE MALI

Tunasema "gari za Waingereza". Lakini ni za nani leo? Jaguar ilinunuliwa na Ford ya Marekani mwaka 1989. Mwaka 2008 Ford iliuza Jaguar pamoja na Land Rover kwa Tata ya India, kwa dola bilioni 2,3. Jina la MG leo ni la kampuni ya SAIC ya Shanghai, China. Na ile TVS tunayoona ikipita barabarani imebeba watu watatu na kuku? Kampuni yake ni ya India, na mwaka 2020 ilinunua Norton, jina kubwa la zamani la pikipiki za Waingereza, kwa pauni milioni 16.

Ninaleta habari hii ili tuone kwamba jina lililoandikwa kwenye chuma siyo mwenye mali. Kumbuka jambo hili, tutalirudia kwa pikipiki.

4. SOMO LA SAFARI RALLY

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, magari yalipimwa kwa namna ya wazi. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, walianzisha mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo la kupendeza ni hili: hawakugawanya magari kwa ukubwa wa injini. Waliyagawanya kwa bei ya dukani! Walitaka mnunuzi ajue, kwa pesa ile ile, gari gani inavumilia njia zetu.

Matope na mawe havikuheshimu jina la mtu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda na Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine. Jaguar E-Type na MGB hazikupata kushinda Safari hata mara moja.

Gari ya mbio iliyoshinda ilikuwa ya Wajapani: Datsun 240Z, mwaka 1971 na tena 1973. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuendesha kwa jina la Kenya. Ile Datsun ilikuwa imeanza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 3 500, chini sana kuliko Jaguar, na haikuharibika ovyo. Wamarekani waliokuwa wateja wakubwa wa MG na Triumph wakaanza kuhamia huko. Mwaka 1980 kiwanda cha MG cha Abingdon kikafungwa. Waingereza walikuwa na majina mazuri, lakini mteja alichoka kusimama kando ya barabara na boneti wazi.

5. PIKIPIKI YA BABA MDOGO

Sasa turudi Bigo. Pikipiki moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa imetumika, imevushwa toka upande wa Uganda, bei yake karibu nusu. Moyo wa baba mdogo ulikuwa kwa ile ya nusu bei. Alisema: "Inayobaki nitanunua mabati."

Nilimwandikia hesabu hii. Kila mmoja ainakili, ni ya kutumia maisha yote:

Bei ya kununua, kutoa bei utakayouzia, kujumlisha matengenezo. Kisha gawanya kwa miezi uliyoitumia.

Tuweke mfano wa miaka miwili, ni kusema miezi 24. Pikipiki mpya: tuseme ninanunua dola 1 400, ninaiuza 700, matengenezo 300. Inakuwa 1 400 − 700 + 300 = 1 000. Kwa mwezi ni karibu dola 42.

Pikipiki kuukuu: ninanunua dola 800, ninaiuza 200 kwa sababu imekwisha kabisa, matengenezo 700. Inakuwa 800 − 200 + 700 = 1 300. Kwa mwezi ni karibu dola 54. Na sijahesabu siku ambazo imelala kwa fundi bila kuingiza hata faranga moja.

Ninyi mtabadilisha namba kufuata soko la siku ile. Pengine itatokea kuukuu iliyotunzwa vizuri, na yenyewe itashinda. Mimi sisemi mpya ni nzuri kila mara. Ninasema hesabu ifanywe kabla ya kutoa pesa, siyo kiisha.

6. KARATASI

Nilimwuliza baba mdogo: "Karatasi za ile kuukuu ziko kwa jina la nani?" Akasema muuzaji aliahidi kuzileta baadaye. Hapo nikakumbuka kijana mmoja jirani yetu. Alinunua moto vile vile, kwa neno la mdomo. Miezi mitatu baadaye ilikamatwa barabarani, akaulizwa karatasi, hakuwa nayo. Yule aliyemwuzia hakuonekana tena. Pesa ya mama yake ya muhogo ikapotea yote.

Ndugu, mali usiyoweza kuonyesha kwamba ni yako, uko unaitunzia mwingine. Hata wale matajiri wa DB5 wanajua hivyo: gari yenye vitabu vyake vyote, namba ya injini inapatana na ya kiwanda, majina ya waliokuwa nayo yanafuatana, ina bei kubwa kuliko nyingine inayofanana nayo bila karatasi.

7. NENO KWA WENZANGU WA DARASA LA TANO NA LA SITA

Hapa nasema wazi. Baba mdogo aliongeza neno lingine: "Kama nikinunua, wewe njo utaiendesha. Egzeta utafanya mwaka kesho." Ninyi mnajua pesa ya masomo inavyosumbua nyumbani. Sikulala.

Halafu nikafanya hesabu ya tatu. Mwendeshaji asiye na moto yake anampa mwenye moto pesa kila jioni, mvua ao jua. Mafuta yake, hatari yake. Miaka miwili ikiisha, chuma kimechoka na kinauzwa na mwenyewe. Mwendeshaji anabaki na vumbi. Sidharau kazi ile, wengi wanalisha watoto kwa njia hiyo na ni watu wa heshima. Lakini pikipiki inapoteza bei tangu siku inatoka dukani. Diplome haina bei ya kuuzia, haikamatwi barabarani, na jina lililoandikwa juu yake ni langu.

Nilimwonyesha baba mdogo daftari yote, na ukurasa huo pia. Aliisoma taratibu, kidole kwenye namba. Hakukasirika. Alisema: "Basi tungoje karatasi." Mpaka leo hajanunua, na mimi niko darasani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini MGB ina bei ndogo kuliko DB5, hata kama zote mbili ni za miaka ya 1960?
2. Safari ya 1953 iligawanya magari kwa kufuata nini, na kwa sababu gani?
3. Baiskeli imenunuliwa dola 120, ikauzwa 60 baada ya miezi 20, matengenezo yalikuwa dola 40. Kwa mwezi iligharimu dola ngapi?
4. Uliza nyumbani kwenu: kitu gani kilinunuliwa rahisi na kikala pesa nyingi?

Majibu ya ulizo la tatu mtayakuta kwangu, chini ya mwembe. Na mwenye kalenda aje nayo, ubishi haujaisha.

Ni mimi ndugu yenu, mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita.