Kuunganisha Namba Penye Nafasi Chache

Mwaka 2014 Gabriele Cirulli wa Italia alitoa mchezo wa 2048, unaochezwa kwenye simu na kompyuta. Mwanafunzi wa Ikolo, wilayani Kyela, aweza kuucheza bila umeme: achore mchangani miraba 16, minne kwa minne, na kuandika namba kwenye vikaratasi.

Namba zote husukumwa upande mmoja kwa pamoja. Zilizo sawa zikikutana huungana: 2 na 2 huwa 4. Kisha namba mpya huingia katika mraba mtupu. Kwa kawaida ni 2, lakini mara moja katika kumi ni 4. (Kura yaweza kupigwa kwa vikaratasi kumi ndani ya kibuyu.)

Tatizo ni nafasi. Ili kupata 8 kwa kutumia 2 pekee, lazima ziwepo kwa wakati mmoja 4, 2 na 2: miraba mitatu. Namba 16 huhitaji 8, 4, 2 na 2, yaani minne. Hivyo 2048, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 11, huhitaji miraba 11. Hubaki mitano tu ya kujinusuru. Miraba yote 16 haiwezi kuzidi 65,536, au 131,072 iwapo 4 itaingia wakati ufaao.

Ndiyo maana mchezaji hodari huiweka namba kubwa pembeni, nyingine zikishuka kwa mpangilio kando yake. Ikikaa katikati, huzitenga ndogo zinazotafutana. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, halina bahati nasibu. Hapa mchezaji huiachia nafasi namba asiyoijua.

Zoezi: Tafuta kikomo cha ubao wa miraba tisa, kwa 2 pekee, kisha 4 ikiruhusiwa.