Kitufe Kibovu na Hukumu ya Kuficha Kasoro



 Ndugu zangu wanafunzi, makala haya yana masomo mawili: la kwanza ni la bisibisi, la pili ni la fiqhi. Yote mawili nimeyapata kwa laptopu moja.

Ramadhani iliyopita nilikuwa nasoma wakati wa daku, kikombe cha chai ya maziwa kikiwa pembeni. Usingizi ukanizidi, mkono ukapiga kikombe. Nilipangusa haraka nikadhani yamekwisha. Baada ya siku chache kitufe cha kushoto cha tachipadi kikaanza kukwama. Nikibonyeza, hakirudi juu. Nikifungua faili moja, yanachaguliwa kumi.

Muhula ulipoanza nilikuwa na deni la ada, na bila kulimaliza nisingeingia kwenye mtihani. Nikaamua kuiuza laptopu. Kijana wa mwaka wa kwanza, tunayeswali naye msikiti mmoja hapa chuoni, akasema ataichukua kwa shilingi 600,000. Deni langu lilikuwa kiasi hichohicho.

Chumbani mwenzangu akanipa akili. "Shekhe, washa ile ya kugusa tu. Atagonga tachipadi kwa kidole, itafungua kila kitu. Kitufe hatakigusa kabisa."

Nikaiwasha. Ikafanya kazi vizuri sana. Usiku ule sikulala vizuri.

Somo la kwanza: kukirekebisha kitufe

Kabla ya kumpelekea fundi, jaribu haya kwa utaratibu:

1. Zima laptopu, uiwashe upya. Kisha chomeka mausi ya USB. Mausi ikifanya kazi sawasawa na kitufe bado kinasumbua, basi ubovu uko kwenye tachipadi yenyewe au programu yake. Ukiwa na mausi unaweza pia kuendelea na kazi zako wakati unatafuta dawa.

2. Ingia kwenye mipangilio ya tachipadi uhakikishe haijazimwa. Laptopu nyingi zina kitufe kwenye kibodi cha kuizima na kuiwasha, na mtu hukigusa bila kujua.

3. Izime kabisa, chomoa chaja, uiweke mezani na uitazame kwa ubavu. Kama tachipadi imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, huenda betri imevimba na inasukuma kitufe kutoka chini. Hapo acha. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe, maana betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi.

4. Kama betri ni nzima, safisha. Pitisha brashi laini kwenye mwanya unaozunguka kitufe. Kisha chovya pamba ya masikio kwenye spiriti kidogo, isiwe inadondoka, upitishe palepale huku ukibonyeza na kuachia. Sukari iliyokauka huyeyuka polepole, kwa hiyo rudia. Acha ikauke kabisa ndipo uwashe.

5. Isipopona, ni kufungua mfuniko wa chini. Panga skrubu zako kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa, kwa sababu hazilingani urefu. Jambo la kwanza ukishafungua ni kuchomoa waya wa betri. Halafu tazama ule utepe mwembamba unaotoka kwenye tachipadi kwenda kwenye ubao mkuu. Ukiwa umelegea, kitufe hakitafanya kazi. Kilango chake huinuliwa kwa ukucha taratibu, maana huvunjika upesi. Kama huna uzoefu, hatua hii mwachie fundi.

Mimi nilifika hatua ya nne. Chai ilitoka kweli, pamba ikawa ya kahawia. Kitufe kikarudi juu, lakini mara mojamoja kikawa hakisikii mpaka ukikandamize. Fundi mmoja hapa Kampala akaniambia swichi ndogo iliyo chini yake imekwisha, na dawa ni kubadilisha tachipadi nzima. Pesa hiyo sikuwa nayo.

Somo la pili: kasoro haiuzwi kimyakimya

Tunasoma darasani kuhusu khiyaru al-ayb, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa akigundua ina kasoro. Kasoro yenyewe ni ile inayopunguza thamani ya kitu au kuharibu lengo la kukinunua. Haki hiyo inathibiti ikiwa kasoro ilikuwapo kabla mnunuzi hajakipokea, na yeye hakuijua. Kitufe changu kilitimiza yote.

Nilijaribu kujitetea: nitamwambia anaichukua kama ilivyo. Nikafungua vitabu. Katika madhhebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji katika kasoro iliyofichika ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Laptopu si mnyama, na mimi nilijua.

Nikakumbuka hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa anayedanganya hatokani naye. Yule mtu hakutamka uongo wowote. Alipanga tu kikavu kikawa juu.

Iko pia hukumu ya tasriya: kumwacha mnyama bila kumkama siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) aliikataza, akampa mnunuzi hiari ya kumbakiza au kumrudisha. Ule ujanja wa kuwasha mguso ili kitufe kisahaulike, ndugu zangu, ni tasriya ya laptopu.

Siku ya kukabidhiana nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, kabla hujatoa pesa, bonyeza hapa." Akabonyeza mara tatu, ya pili haikusikia. Nikamweleza habari ya chai, nilichosafisha, na alichosema fundi. Akanyamaza kidogo.

"Asante kaka. Basi nitatoa 520,000, nyingine nitanunulia mausi na kuweka akiba ya fundi."

Nikakubali. Zile 80,000 zilizopungua niliziomba kwa mjomba, na nilimlipa kwa kufundisha watoto madrasa likizo nzima. Mtihani niliuingia siku ya mwisho ya kusajiliwa.

Wengi wetu tutauziana simu, vitabu, majiko na magodoro kabla ya kuhitimu. Ukiuza, mwekee ndugu yako kidole chake mahali penye ubovu. Ukinunua, bonyeza kila kitufe.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.