Homa ya uti wa mgongo: Wazazi wasisubiri kupambazuke

Si kila homa ya mtoto ni malaria. Mtoto mwenye homa akipata degedege, akikakamaa shingo, akikataa kunyonya au akiwa mgumu kuamka, huenda ana homa ya uti wa mgongo. Kwa mtoto mchanga shingo huweza kubaki laini, hivyo mzazi aangalie kama utosi umevimba. Hata kipimo kikionyesha malaria, apelekwe hospitali mara moja. Kuchelewa huleta uziwi au kifo.

Wazazi wengine hukataa mtoto atolewe maji ya mgongo wakihofia atapooza. Sindano hiyo huchomwa chini ya mahali uti unapoishia.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 hukinga baadhi ya viini vyake, bila malipo katika vituo vya umma.