Jinsi Maji Yanavyobeba Mtumbwi

Mji wa Kindu umejengwa kando ya mto Lualaba. Kila siku mitumbwi huvuka kwenda ng'ambo, ikichukua watu, mihogo, mpunga na mafuta ya mawese. Meli za chuma nazo huteremka toka Kindu mpaka Ubundu. Msumari ukianguka mtoni huzama mara moja. Mbona meli ya chuma, iliyo nzito kuliko misumari elfu na elfu, haizami?

Kwanza tazameni matope ya ukingoni. Mtu akiyakanyaga, mguu wake hudidimia. Akiweka ubao na kusimama juu yake, hadidimii sana. Uzito wake haukupungua, ila umetandazwa mahali papana. Nguvu inayolemea kila sentimita mraba huitwa mgandamizo. Mahali pakiwa padogo, mgandamizo ni mkubwa. Pakiwa papana, mgandamizo ni mdogo.

Maji nayo yana uzito: lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo maji ya juu huyalemea maji ya chini. Chukueni kopo refu, litoboeni ubavuni matundu matatu yaliyo sawa: moja juu, moja katikati, moja chini. Lijazeni maji. Tundu la chini hutoa maji kwa nguvu kuliko yote. Kina kikizidi, mgandamizo huzidi. Penye kina cha mita 10, maji hulemea kila sentimita mraba kwa uzito wa kilo moja.

Tena maji hayasukumi chini tu. Husukuma pande zote, hata kwenda juu. Shindilieni sufuria tupu majini, mdomo wake ukiwa juu. Mkono utasikia maji yakiirudisha. Kitako cha sufuria ndicho kilicho chini zaidi, na hapo ndipo maji yanaposukuma kwa nguvu.

Mgiriki mmoja, Archimedes wa Sirakusa, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alieleza jambo hilo hivi: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyaondosha. Msumari huondosha maji kidogo sana, nao ni mzito kuliko maji hayo, basi huzama. Meli ni pana, na ndani yake mna nafasi tupu. Huondosha maji mengi, nayo maji huibeba.

Sasa fanyeni hesabu. Mtumbwi una kilo 200. Ukishuka mpaka kingo zake zilingane na maji, huondosha lita 600, yaani kilo 600. Basi watu na mizigo wasipite kilo 400. Lakini hata kilo 400 ni hatari. Wimbi dogo likiingia, uzito huongezeka. Mtumbwi hushuka, na maji mengine huingia. Hivyo watu hufa mtoni hata siku isiyo na upepo.

Kwa sababu hiyo mpiga kasia mwenye busara huacha kingo za mtumbwi ziwe juu ya maji kadiri ya kiganja kizima au zaidi. Mama mmoja akimwita, “Baba, nichukue na mimi, niko peke yangu,” yeye humjibu, “Ungoje kidogo, mama, nitarudi.” Hamnyimi safari, anawalinda wote waliokwisha kupanda. Mto haujui haraka ya mtu, unajua uzito tu.

Maswali

1. Kwa nini ubao huuzuia mguu usididimie topeni?
2. Tundu lipi la kopo hutoa maji kwa nguvu zaidi? Elezeni sababu.
3. Mtumbwi wa kilo 150 ukishuka mpaka kingoni huondosha lita 500. Watu 5, kila mmoja kilo 60, wanataka kuvuka na gunia la kilo 50. Kingo zitakuwa wapi? Mpiga kasia afanye nini?