SOMO LA AFYA: KIKUNDI CHA WAZEE WANAOSAHAU NA WANAOWATUNZA



Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, kuna babu au koko ambaye siku hizi si yule uliyemjua. Anauliza jambo moja mara tano. Anaficha kadi ya mgao chini ya mkeka, kisha anasema mkwe wake ameiiba. Jua likianza kuzama anafunga mzigo, anataka kwenda Fizi kwa mama yake ambaye alifariki zamani. Wengine husema ni uzee tu. Wengine, na hapo ndipo penye hatari, husema ni uchawi, na bibi wa watu anaanza kuogopwa na watoto aliowalea mwenyewe.

Mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo. Madaktari huuita dimenshia. Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, yenye jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu. Hauambukizi, wala hautokani na mtu kutupiwa kitu. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Hata hivyo, usianze kwa kusema "ni dimenshia". Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu au upungufu wa maji mwilini, na hayo yote yanatibika. Hata aliyebadilika polepole inafaa apimwe: upungufu wa damu, huzuni ya muda mrefu au masikio yasiyosikia vizuri huweza kumfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu.

Sasa, baada ya zahanati, familia inabaki na nini? Inabaki na kazi. Na kazi hiyo huangukia mtu mmoja, mara nyingi binti au mkwe, wakati mwingine mjukuu anayeacha shule. Hapo ndipo kikundi kinaposaidia.

Mwaka 1997 huko Uholanzi, mwanasaikolojia aitwaye Bère Miesen aliona kwamba hata mume na mke waliona aibu kuutaja ugonjwa huu wao kwa wao. Akaanzisha kikao cha kila mwezi, mfano wa mkahawa, ambapo wagonjwa, ndugu na wataalamu waliketi pamoja. Mtu alieleza jambo moja kuhusu ugonjwa, chai ikanywewa, muziki ukasikika, maswali yakaulizwa. Mwaka 2000 kikao cha namna hiyo kilifunguliwa Farnborough, Uingereza. Tangu hapo makanisa mengi ya nchi hiyo yamefungua vikundi vyao katika kumbi zao, siku za kazi, wakati ukumbi umekaa bure. Si ibada, wala si hospitali. Hakuna anayempima mzee kumbukumbu mbele za watu.

Kambini makanisa tunayo, mabenchi yapo, na kwaya zipo. Wamama wa kanisa tayari wanatembelea wagonjwa. Kinachohitajika ni saa mbili, siku isiyo ya mgao, asubuhi kabla mzee hajachoka, mahali penye kivuli na choo cha karibu. Chai ikikosekana, uji unatosha. Mlango uwe wazi kwa Mwislamu na kwa wa dhehebu jingine, maana ugonjwa hauulizi dini.

Anayempokea mzee ataje jina lake mwenyewe kwanza. Asiulize "Unanikumbuka?", kwa sababu swali hilo linamwaibisha. Kisha nyimbo. Zile alizojifunza utotoni, za kanisani au za kijijini, mara nyingi hubaki hata majina ya watoto yakipotea. Mzee aliyenyamaza wiki nzima anaweza kuimba ubeti mzima. Mpeni pia kazi ya mikono: kuchambua maharage, kusuka ukili. Kazi ikiharibika, msimkemee.

Wakati wazee wanaimba, wanaowatunza wakae kando na mhudumu wa afya. Sehemu hii isirukwe. Hapo mama anaweza kusema kwamba jana alimpiga babu, au kwamba anamfunga kamba mguuni ili asitoroke usiku, na akasikilizwa badala ya kuhukumiwa. Kamba huumiza, na moto ukizuka inaua. Ni afadhali kushona namba ya nyumba na zoni ndani ya nguo yake, kuwaarifu sungusungu na majirani, na kumtembeza mchana ili usiku alale. Akitaka kwenda Fizi, usibishane naye kwamba mama yake amekufa. Kila ukimwambia, kwake ni msiba mpya. Muulize habari za huyo mama, mtembee kidogo, kisha mrudi.

Jambo jingine la kuzungumza hapo ni uhakiki. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa anaweza kujibu vibaya mezani. Asiende peke yake. Aende na ndugu mmoja anayeijua habari yake, akiwa na karatasi ya zahanati, na karani aelezwe mapema.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika kikundi:

Katika kijiji chenu, ni mzee gani hajaonekana nje kwa muda mrefu? Nani anamwogesha? Huyo anayemwogesha, mara ya mwisho alilala usiku mzima lini? Na ni nani atakayekaa na mzee Alhamisi moja, ili yeye aende kuchota maji bila haraka?