Mtoto mtundu naye huwa na hofu: jinsi ya kuitambua mapema

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaofanya kazi Nairobi au Mombasa huku watoto wao wakisomea nyumbani, Kitui au Makueni, chini ya uangalizi wa nyanya yao. Simu inalia Jumatatu asubuhi. Unaambiwa mtoto anaumwa na tumbo tena. Unatuma pesa za matibabu, kisha unaendelea na kazi. Makala ya leo ni yako.

Miaka michache iliyopita niliketi na kijana wa miaka 9 kutoka upande wa Kibwezi. Tayari ilikuwa imethibitishwa kwamba ana ugonjwa wa kukosa makini na utulivu, ambao madaktari huuita ADHD kwa kifupi. Aliletwa na nyanya yake, au susu kama wanavyosema Wakamba. Shida ilikuwa tumbo. Nilimpa dawa ya minyoo. Baada ya wiki tatu akarudi, nami nikampa dawa ya amiba. Aliporudi mara ya tatu, susu aliniambia jambo ambalo mimi, pamoja na shahada yangu, sikuwa nimeliuliza: "Daktari, tumbo hili haliumi Jumamosi wala wakati wa likizo."

Kijana hakuwa na minyoo. Alikuwa na hofu. Kila Jumatatu wanafunzi walisimama mmoja mmoja mbele ya darasa na kusoma kwa sauti. Yeye aliruka mistari na wenzake wakamcheka. Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nikitibu tumbo lisilo na ugonjwa, kwa sababu niliona utundu wake tu na nikadhani nimekwisha kumjua.

ADHD ni nini?

Huu si ugonjwa mpya wala si wa Wazungu. Daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London kuhusu watoto wa aina hii mwaka wa 1902. Hukadiriwa kwamba mtoto mmoja hivi katika kila 20 duniani anao. Mtoto hushindwa kutulia, hukatiza maneno ya wengine, husahau alichotumwa na huacha kazi katikati. Wapo pia, hasa wasichana, ambao hawarukiruki kamwe. Wao huketi kimya huku mawazo yakiwa mbali. Hao husahaulika, lakini wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ili daktari aseme ni ADHD, dalili lazima ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayesumbua darasa la mwalimu mmoja tu huenda hana ADHD.

Hofu ya kawaida na hofu iliyopita kiasi

Kila mtoto huogopa. Mtoto wa Mutomo au Kibwezi anayewaogopa ndovu wanaotoka mbugani Tsavo ana akili timamu. Anayesikia watu wazima wakizungumza juu ya mvua iliyokosekana na ghala lililo tupu ana sababu ya kuwa na mashaka. Hofu hiyo humlinda mtu na hupungua hatari ikiondoka.

Wasiwasi huwa ugonjwa pale unapokuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe, unapodumu kwa wiki nyingi, na unapomzuia mtoto kula, kulala, kucheza au kwenda shule.

Kati ya watoto wenye ADHD, robo hadi theluthi wana wasiwasi wa aina hii pia. Sababu mojawapo ni ya kimaumbile, kwani magonjwa haya mawili hufuatana katika jamaa. Nyingine ni ya maisha ya kila siku. Hebu mfikirie mtoto anayegombezwa tangu alfajiri: amesahau kuwafungulia mbuzi, amepoteza kalamu, amemwaga maji aliyoyabeba punda kutoka mtoni. Shuleni huambiwa ni mzembe. Mtoto huyo hujifunza kwamba kila anachokigusa kitaharibika, na huanza kuingojea fimbo hata siku ambayo hakukosa.

Jinsi ya kuyatofautisha

Hapa ndipo wazazi na madaktari hukosea, kwa maana ADHD na wasiwasi vyote humfanya mtoto asitulie, asisikilize na asilale vizuri. Tazama mambo haya:

1. Akili imekwenda wapi? Mtoto mwenye ADHD huvutwa na vitu vya nje: ndege dirishani, gari barabarani, kelele za jirani. Mwenye wasiwasi huvutwa na mawazo ya ndani: "Na mama akifa? Na nikianguka mtihani?"

2. Kazi ya shule. Mwenye ADHD humaliza upesi na kuacha makosa mengi. Mwenye wasiwasi huandika na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwenye vyote viwili huanza, hufuta, hukasirika, kisha hulitupa daftari na kusema kazi ni ya kijinga.

3. Maswali. Mwenye ADHD hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mwenye wasiwasi hukuuliza swali lile lile mara kumi: "Utarudi lini? Ni kweli utarudi?"

4. Wakati. Utundu wa ADHD umekuwepo tangu utotoni. Wasiwasi mara nyingi una mwanzo unaojulikana: kuhamia shule ya bweni, kifo, wazazi kutengana, baba kuondoka kwenda kutafuta kazi.

5. Mwili. Tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio, jasho viganjani na kwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa kabla ya jambo fulani. Weka alama kwenye kalenda kila siku anapolalamika. Kalenda itakueleza ambayo mimi sikuyaona.

6. Ukaidi. Mtoto anayefanya vichekesho kila anapoitwa kusoma, au anayepigana ili afukuzwe darasani, huenda anakimbia aibu. Kwake yeye ni afadhali aitwe mtukutu kuliko aitwe mjinga.

Usisahau kwamba macho mabovu, masikio yasiyosikia vizuri, upungufu wa damu, ukosefu wa usingizi na aina fulani ya kifafa isiyomwangusha mtoto pia huweza kufanana na haya. Mtoto apimwe kwanza.

Zungumza naye hivi

Usimwambie "Unaogopa nini na wewe ni mwanamume?" Utaufunga mdomo wake. Wala usimkalishe kitini kama mshtakiwa. Watoto hawa huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi: mkichambua maharagwe ya muthokoi, mkitembea kwenda sokoni, au kwa simu anapokueleza alichokifanya siku hiyo.

Muulize: "Ni saa gani ya siku usiyoipenda kabisa?" "Ungekuwa na uwezo wa kuondoa kitu kimoja shuleni, ungeondoa nini?" "Tumbo likianza, huwa unafikiria nini?" Akishajibu, usikimbilie kumwambia si kitu. Sema tu, "Naona hilo linakusumbua sana," kisha nyamaza umsikilize.

La kufanya nyumbani na shuleni

Mpe mtoto ratiba isiyobadilika ya kuamka, kula, kusoma na kulala. Ratiba humsaidia anayesahau, na humtuliza anayeogopa yasiyojulikana. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Likitendeka, msifu papo hapo na utaje alichokifanya.

Mfundishe kupumua polepole: avute pumzi kwa puani huku akihesabu hadi tatu, aitoe kwa mdomo huku akihesabu hadi tano, mara kadhaa. Afanye zoezi hili akiwa ametulia, ili alizoee kabla ya siku ya hofu.

Usimwondoe kabisa mbele ya jambo analoliogopa. Ukimruhusu kukaa nyumbani kila Jumatatu, hofu itanenepa. Mpandishe hatua kwa hatua. Kijana wetu wa Kibwezi alianza kwa kumsomea susu, kisha mwalimu peke yake wakati wa mapumziko, kisha wanafunzi watatu, na mwishowe sentensi mbili mbele ya darasa zima.

Mwone mwalimu. Mwombe amkalishe mbele, amgawie kazi vipande vidogo na asimshtukize kwa maswali. Na fimbo? Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikalikazia jambo hilo. Kiboko hakimfundishi mtoto mwenye ADHD kuwa makini, lakini humwongezea mwenye hofu hofu nyingine.

Wapi pa kwenda

Si lazima uanze na safari ya Nairobi. Hospitali za rufaa za kaunti zipo Wote na Kitui mjini. Aidha Makueni ina historia njema katika jambo hili. Katika miaka ya 2010, shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation, likiongozwa na Profesa David Ndetei, liliwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa kaunti hiyo kutibu magonjwa ya akili kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2010. Wahudumu wa afya wa vijijini, viongozi wa dini na waganga wa kienyeji walifunzwa kuwatambua wagonjwa na kuwaelekeza hospitalini. Kwa hiyo susu akimpeleka mtoto kuombewa, usigombane naye. Mwombe ampeleke na kliniki pia. Kwa upande wa masomo, vituo vya EARC, ambavyo vilianza nchini mwaka wa 1984, huwapima watoto wenye mahitaji maalumu.

Matibabu bora ya wasiwasi wa watoto ni mazungumzo na mtaalamu, pamoja na hatua za taratibu nilizozieleza. Dawa za ADHD kama Ritalin huwafaa watoto wengi. Utulivu ukipatikana, makosa hupungua, na mara nyingine hofu nayo hupungua. Lakini huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na watoto wachache huzidi kuwa na wasiwasi. Basi usinunue dawa kiholela, usimpe mtoto dawa ya mwenzake, na ukiona mabadiliko mrudie daktari badala ya kuamua peke yako.

Usingoje hata siku moja ikiwa mtoto anasema heri afe, anajiumiza au amekataa chakula. Mpeleke hospitalini mara moja. Kwa ushauri, nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Uliza pia kwa upole kama kuna mtu anayempiga au kumchezea vibaya, kwa maana hofu nyingine ina jina la mtu.

Kijana wetu bado ni mtundu. Bado hupoteza kalamu, na juzi alisahau viatu shuleni. Lakini tumbo halimuumi tena Jumatatu. Nami sasa, kila nikiletewa mtoto wa aina yake, kabla ya kushika kalamu ya kuandika dawa humgeukia aliyemleta na kumuuliza: "Na Jumamosi je?"

Jioni ya leo, ukipiga simu nyumbani, usiulize tu kama pesa zilifika. Uliza swali hilo.