Vidole Vinavyouma na Krimu ya Kanabidioli

Huenda umeonyeshwa kopo dogo la krimu lenye herufi tatu, CBD, ukaambiwa kwamba ukiipaka kwenye vidole maumivu yatakwisha. Herufi hizo hazihusiani na ile CBD tunayoijua sisi, yaani katikati ya jiji. Ni kifupi cha kanabidioli, mojawapo ya kemikali zinazopatikana katika mmea wa bangi, ambao wengi wetu huku ziwani tunauita njaga. Somo la toleo hili linahusu kopo hilo: lina nini ndani, limepimwa vipi, sheria ya Kenya inasemaje, na mtu mwenye mikono inayouma afanye nini kabla hajatoa pesa zake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Katika mazungumzo ya kila siku maumivu yoyote ya viungo huitwa baridi yabisi, na jina hilo moja limebeba magonjwa mengi yasiyotibiwa kwa njia moja. Huu tunaouzungumzia unaitwa ostioathiritisi ya mikono. Mahali mifupa miwili inapokutana kuna gegedu, tabaka laini linaloifanya iteleze bila kusuguana. Gegedu likichakaa, mfupa ulio chini yake huota vinundu pembeni, utando wa kiungo huvimba mara kwa mara, na kiungo hukakamaa. Katika mkono, sehemu zinazoshikwa zaidi ni tatu: kiungo kilicho karibu na ukucha, kiungo cha katikati ya kidole, na shina la kidole gumba. Vinundu vigumu vya karibu na ukucha vinaitwa vinundu vya Heberden, kwa jina la William Heberden, daktari Mwingereza wa karne ya 18 aliyevieleza. Ukivitazama mikononi mwa nyanya yako utavitambua mara moja.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, watu ambao wazazi wao walikuwa nao, na waliowahi kuumia kiungo. Kazi nayo huchangia. Fikiria mikono inayoparua samaki ufukweni Dunga tangu alfajiri, inayogeuza mgongo wazi kwenye mafuta kule Obunga, inayosuka vikapu vya magugumaji, inayopalilia mpunga Ahero, au inayofua na kukamua nguo za nyumba tatu kwa siku. Si kila anayefanya kazi hizi ataugua, lakini kiungo kilichoanza kuchakaa huzisikia mapema. Maji baridi hayaleti ugonjwa, hata kama yanazidisha maumivu. Kualisha vidole pia hakuleti, ingawa mama zetu walitukanya.

Sasa tuje kwenye kanabidioli. Bangi ina kemikali nyingi, na mbili zinajulikana zaidi. THC ndiyo inayolewesha, kanabidioli hailewishi. Wala si kitu cha mchezo katika udaktari. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kunywa ya kanabidioli, Epidiolex, kwa aina chache za kifafa kigumu kinachoanza utotoni, baada ya majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu. Kwa hiyo anayesema kanabidioli ni uongo mtupu amekosea. Lakini dawa iliyothibitishwa kwa kifafa haijathibitishwa kwa vidole. Kila kazi ya dawa hupimwa peke yake.

Kwa vidole vipimo ni vichache. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwachukua wagonjwa 136 wenye ostioathiritisi ya mikono au athiritisi inayoambatana na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Nusu walipewa vidonge vya kanabidioli na nusu vidonge bandia visivyo na dawa, kwa wiki 12, na hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Mwishoni maumivu ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Huo ndio utafiti mkubwa zaidi kati ya hii tunayoieleza hapa, na jibu lake ni la kukatisha tamaa, ila ulihusu vidonge na si krimu.

Kuhusu krimu, mwaka huohuo madaktari wa Marekani walichapisha jaribio kwa wagonjwa 18 wenye maumivu ya shina la kidole gumba. Walipaka kanabidioli iliyochanganywa na mafuta ya shea mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na kwa wiki mbili nyingine wakapaka mafuta ya shea matupu. Waliona nafuu zaidi walipopaka yale yenye kanabidioli. Hiyo ni habari njema, lakini watu 18 hawajai hata matatu mawili, na wiki mbili ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka ishirini. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walieleza jaribio lingine dogo la jeli ya kanabidioli iliyotengenezwa ipenye ngozi, ambalo wagonjwa waliripoti maumivu kupungua. Hilo halikuwa na kundi la kulinganisha. Kila mtu alijua anapaka dawa halisi.

Kwa nini kundi la kulinganisha ni muhimu hivyo? Kumbuka ziwa lilivyofurika mwaka 2020, maji yakaingia nyumbani na mashambani kutoka Dunga hadi Nyando. Tuseme siku maji yalipofika juu kabisa mtu angesimama ufukweni akapiga filimbi. Miezi iliyofuata maji yalishuka. Je, filimbi ndiyo iliyoyashusha? Maumivu ya viungo nayo hupanda na kushuka kama ziwa. Mtu hanunui krimu siku vidole vinapompa nafuu; huinunua katika wiki mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbaya mara nyingi huja wiki afadhali. Ongeza tumaini, ongeza kule kukanda vidole kila jioni ambako peke yake hutuliza, na jirani atakuapia kwamba krimu imemponya. Hasemi uongo. Amepata nafuu kweli, ila hawezi kujua imetoka wapi, na ndiyo maana wapimaji huwapa wengine krimu tupu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia. Ngozi ni ukuta, na kanabidioli hupenda mafuta, hivyo sehemu kubwa yake hukwama kwenye tabaka za juu za ngozi. Kiasi kinachofika kwenye kiungo hutegemea sana jinsi krimu ilivyotengenezwa, na hilo kopo halisemi. Hata kinachoandikwa hakiaminiki. Watafiti wa Marekani walipopima bidhaa 105 za kupaka zilizotangazwa kuwa na kanabidioli, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, takribani robo tu ya zile zilizotaja kiasi zilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Katika bidhaa 37 walikuta THC, ile inayolewesha. Hayo ni Marekani, ambako maduka yanaziuza waziwazi na maabara za kuzipima zipo.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Nchini Kenya bangi bado inadhibitiwa na sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya, iliyorekebishwa mwaka 2022. Watu hutaja uamuzi wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 2020 kana kwamba uliihalalisha. Haukufanya hivyo. Nchi wanachama wa tume inayohusika, kwa kura 27 dhidi ya 25, ziliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zisizo na faida kubwa ya kitabibu, lakini zikaiacha kwenye orodha nyingine ya dawa zinazodhibitiwa. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwamba kanabidioli yenye THC kidogo sana isidhibitiwe halikupita. Na majirani wakilegeza masharti, kama Rwanda ilivyoruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi kwa dawa za kuuzwa nje, hilo halimlindi aliyekamatwa Kisumu. Ukibeba kopo usilojua lililomo, na maabara ikakuta THC, kueleza kwamba vidole vilikuwa vinauma huenda kusikusaidie. Dereva na mlinzi ambao kazini kwao hupimwa mkojo wafikirie mara mbili.

Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: namba ya usajili iko wapi? Asipokuwa nayo, rudisha pesa mfukoni. Na wale wanaochemsha njaga nyumbani katika mafuta ya kupikia wajue kwamba bangi inayolimwa kwa kuvutwa huchaguliwa kwa THC yake, si kwa kanabidioli. Juu ya kuvunja sheria, wanapaka kitu tofauti kabisa na kile kilichopimwa.

Mgonjwa afanye nini, basi? Dawa ya kupaka yenye ushahidi ipo, na wengi wameiona kwenye kemisti bila kuijali: jeli ya diklofenaki. Ilipimwa kwa wagonjwa 385 wa ostioathiritisi ya mikono dhidi ya jeli tupu, ikapunguza maumivu, na miongozo ya wataalamu wa Ulaya inaitaja kabla ya vidonge kwa ugonjwa huu. Siyo muujiza, hupunguza, haimalizi. Inapakwa mara kadhaa kwa siku kama karatasi yake inavyoeleza, juu ya ngozi isiyo na kidonda, na mikono isioshwe kwa saa moja. Kwa mama anayeshinda na maji ya samaki, saa hiyo ipatikane usiku baada ya kazi na kabla ya kuondoka asubuhi. Usijipake machoni wala kuandaa chakula cha mtoto kwa mikono hiyo. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote anayedhurika na aspirini waulize mhudumu wa afya kwanza.

Kitu kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kifaa cha kushika kidole gumba. Wataalamu wa tibakazi katika hospitali kubwa hukiunda kwa plastiki inayolainishwa kwa maji moto, kikafuata umbo la mkono wako. Kivae unapofanya kazi, na ukivumilie miezi mitatu kabla ya kukihukumu. Kwa kazi zenyewe, zungushia mpini wa kisu mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli uwe mnene, kwa sababu mpini mwembamba hukifinya kidole gumba. Inua sufuria kwa viganja viwili badala ya ncha za vidole. Nguo nzito izungushe kwenye bomba la mfereji uikamue kwa kuvuta. Asubuhi weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ukunje ngumi polepole na kuifungua, na uguse kila kidole kwa ncha ya gumba. Fanya hivyo kila siku, hata siku zisizo na maumivu.

Tunatahadharisha pia kuhusu vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama miti shamba na kuondoa maumivu kwa siku moja. Katika nchi mbalimbali vidonge vya namna hiyo vimekutwa vimechanganywa na steroidi. Nafuu ni ya kweli, lakini ukivitumia kwa miezi mifupa hudhoofika, sukari na shinikizo la damu hupanda, na kuviacha ghafla ni hatari. Na kama tayari unakunywa mafuta ya kanabidioli kwa sababu yoyote, mwambie daktari wako, hasa ukiwa kwenye dawa za kifafa au za kuzuia damu kuganda. Ikinywewa, kanabidioli huweza kubadilisha nguvu ya dawa hizo na kusumbua ini.

Mwisho, mikono mingine inayouma haingoji krimu ya aina yoyote. Ukakamavu wa asubuhi wa ostioathiritisi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Ukikakamaa zaidi ya saa moja, na viungo vya mikono yote miwili vimevimba na ni laini ukivibonyeza, huenda ni athiritisi ya rumatoidi, ambayo huharibu viungo haraka na ina dawa zake. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, hasa pamoja na homa, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku hutoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni. Na mtoto mchanga anayevimba viganja na nyayo huku akilia asipakwe chochote: katika eneo letu la ziwa, ambako selimundu ni nyingi, hiyo inaweza kuwa dalili yake ya kwanza, na anahitaji kupimwa damu.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako aliyejisajili na SHA hupata huduma za msingi bila malipo. Ukihitaji tibakazi au mtaalamu wa viungo utapewa barua ya rufaa. Beba dawa zote unazotumia, na hilo kopo pia kama umeshalinunua, ili mhudumu asome mwenyewe kilichoandikwa.